Maji Maangavu ya Kiwanda cha Dawa

Kitengo cha Majitaka, Kiwandani
3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukianza kunisema huwa nakukatia na kusingizia mtandao. Barua siwezi kuikata, na wewe hali kadhalika. Halafu dereva wa lori la kiwanda anapita kwenu kila wiki, na ninachokuomba ni mzigo.

Nahitaji mbegu za mlonge. Usicheke kwanza, soma hadi mwisho.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ndiye mkuu wa majitaka hapa. Cheo kizuri, harufu mbaya. Kiwanda kinatengeneza vidonge vya jamii ya penisilini, ile ile iliyokuvimbisha uso ulipodungwa sindano, ukaandikiwa kwenye kadi usiiguse tena maishani. Kila wanapomaliza aina moja ya vidonge wanaosha mitambo, na maji yote ya kuoshea yanakuja kwangu yakiwa mazito kama uji, yana wanga, vumbi la vidonge na rangi ya waridi ya kapsuli. Yanaingia bwawani. Bwawa limebakiza kiganja kimoja lifurike, na mvua ziko njiani. Shabu tunayotumia kugandisha uchafu inaacha tope jingi mno, nimekosa pa kuliweka.

Nimesoma kwamba unga wa mbegu za mlonge ukikorogwa majini unaukamata uchafu na kuukusanya mabonge mabonge mpaka unatua chini, na tope lake ni dogo kuliko la shabu. Nataka kujaribu kwa maji yetu haya.

Meneja anasema maji yakishakuwa maangavu tutafungua lango la mfereji. Ni mfereji ule ule unaopita chini ya bustani zenu, ndiyo maana hii si kazi ya kiwanda tu kwangu. Maji yatakayofika huko yasimdhuru mtu. Nimepania, Shangazi.

Mwanao,
wa majitaka


Nyumbani
10 Machi

Kwa Mkuu wa Majitaka,

Marahaba. Yaani umekaa darasani miaka yote ile, ndevu za mwalimu zikaota mvi ukimwangalia, ili uje kuniomba mbegu zinazodondoka uani kwangu zenyewe? Nimecheka mpaka Katibu akaja kuchungulia dirishani. Unamkumbuka Katibu, jirani yangu fundi cherehani. Anaandika mihutasari ya kikundi chetu cha mafuta, na muda unaobaki anasikiliza yasiyomhusu.

Mzigo nimempa dereva, lakini si mbegu nzima. Tulikuwa tumeshazikamua mafuta, na kilichobaki ni mashudu, ule unga mkavu unaotoka kwenye kikamulio. Huwa tunayamwaga shambani. Nimesema nikupe hayo kwanza. Yasipofaa nitakutumia mbegu nzima, ila ujue utakuwa umeninyang'anya mafuta yangu.

Sasa sikiliza. Nimewaambia wenzangu kwamba kiwanda huenda kikahitaji mashudu kila wiki. Wameshaanza kuota. Tunakamua kwa mikono, mwanangu, na mikono hii si ya jana. Kiwanda kikitupa mkataba, benki itatukopesha mashine ya mota. Mimi mwenyekiti wao nimewaahidi kwamba wewe ni wetu, hutatuangusha. Nimefanya vibaya?

Kuhusu mfereji: hakuna anayeugusa tangu mwaka juzi, bwawa lenu lilipovuja maji yakashuka ya waridi. Hata mbuzi wanauruka. Ukitupa maji yanayofaa, bustani za bondeni zitaamka tena. Lakini usituletee kazi nusu. Nakufahamu, ukifurahi unakimbia mbele ya miguu yako.

Shangazi yako


Kiwandani
29 Machi

Shangazi!

Mashudu yanafanya kazi! Tena nadhani vizuri kuliko mbegu nzima zingefanya, maana mafuta hayapo kuleta utando juu ya maji.

Haikuwa rahisi. Nilipanga mabika sita mezani, zile glasi kubwa za maabara, kila moja na pangaboi lake la kukoroga. Mashudu niliyaloweka kwenye maji ya chumvi, nikayachuja kwa kitambaa, nikaanza kutia kidogo kidogo, bika hili zaidi ya lile. Koroga mbio, koroga polepole, acha itulie. Siku ya kwanza Meneja alisimama nyuma yangu kama mkwe anayesubiri chai. Akaona bika la tatu linaanza kutakata, akaniambia, "Ongeza basi, unabania nini?" Nikaongeza. Likachafuka upya! Kumbe ukizidisha, huo unga wenyewe unakuwa uchafu. Akaondoka ameninunia kana kwamba ni mimi niliyesema tuongeze.

Nimeshapata kipimo sasa. Na mashudu yakishalowekwa yanataka yatumike yakiwa mapya, yakilala majini siku chache yanachacha na hayakamati kitu. Wanga, vumbi, ile waridi yote inashuka chini. Juu yanabaki maji unayoweza kusomea gazeti upande wa pili.

Meneja amefurahi, ameanza kuniita "daktari wetu". Katikati ya Mei wanakuja wageni, lango la mfereji litafunguliwa mbele yao, na mimi ndiye nitakayetia sahihi kwamba maji yanafaa kutoka. Mkataba wenu unaandaliwa. Waambie wenzako wachague mashine.

Nimekutumia chupa moja ya maji hayo. Iweke kabatini karibu na picha ya Baba, aone na yeye dada yake kafanya nini. Waonyeshe wanakikundi. Ni kazi ya mikono yao.

Tope usiniombe kwa ajili ya shamba, nakujua. Limebeba dawa, linachomwa huku huku.

Mwanao anayekimbia mbele ya miguu yake


Nyumbani
8 Aprili

Mwanangu,

Chupa imefika. Wanakikundi wamefurahi. Gunia la pili nimempa dereva.

Barua hii ni fupi kwa sababu nina mafua kidogo na mkono umechoka. Usije. Nasema usije, una kazi, na mimi nina watu wa kuniangalia wanaotosha kunichosha.

Nina swali moja tu. Hiyo dawa mnayotengeneza, maji yakishakuwa maangavu, yenyewe inakwenda wapi?

Nauliza tu.

Shangazi


Kiwandani
15 Aprili

Shangazi,

Pole na mafua. Kunywa vitu vya moto na uache kubeba magunia, najua unabeba.

Swali lako nilianza kulijibu kwa mbwembwe. Niliandika ukurasa mzima: dawa iliyo katika vumbi inashikwa na mashudu, inatua chini na tope. Halafu nikafika kwenye ile iliyoyeyuka. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi huwezi kuichuja kwa kitambaa, na hii ni hivyo hivyo. Nilikuwa najua, usidhani sikujua. Ila mwisho wa mitambo yetu kuna tangi la mkaa, na kazi ya mkaa ni kunyonya hicho kilichoyeyuka. Kwa hiyo nililala usingizi wangu. Maji ya kwenye chupa niliyokutumia niliyachota kabla ya tangi hilo, nikakutumia kama pambo.

Swali lako likaniwasha. Juzi nikapanda ngazi, nikafungua kifuniko cha tangi. Shangazi, hakuna mkaa. Kuna kokoto tupu. Fundi mkongwe anasema mkaa ulitolewa siku za meneja aliyepita, ulikuwa umechakaa, na aliyepaswa kuleta mwingine alihamishwa. Kila tulipokagua tuliangalia kama maji yanapita. Yalikuwa yanapita.

Nimemwendea mwenzangu wa maabara ya ubora, yule ninayemwita Miwani. Kazi yake ni kupima nguvu ya vidonge. Anapanda bakteria kwenye sahani, anadondoshea dawa, na pale ilipo dawa bakteria hawaoti, panabaki duara tupu. Nikampa maji yangu maangavu. Asubuhi aliniita. Duara lilikuwa pana kama mdomo wa kikombe.

Nimemwambia Meneja. Amejibu kwamba wageni wanakuja kuangalia maji, hawaji na sahani, na kwamba mkaa utaagizwa "baadaye". Ninavyoijua baadaye ya hapa kiwandani, bora angesema hapana.

Asante kwa swali lako. Lakini ulilitoa wapi?

Mwanao


Nyumbani kwangu, mtaa ule ule
20 Aprili

Kwa Binti wa Mwenyekiti,

Salamu. Mimi ni Katibu. Shangazi yako amenikataza kukupigia simu. Hakunikataza kuandika, na mimi nafuata maagizo kama yalivyotolewa.

Hana mafua. Hakuwa na mafua.

Unajua kikundi chetu kilivyo. Kila tunapokamua mafuta mapya, mwenyekiti anaonja kijiko cha kwanza mbele ya wanunuzi, ndipo chupa zinafungwa. Ndivyo tulivyopata jina, watu wanasema hawa hawauzi wasichokula wenyewe. Basi chupa yako ilipofika, shangazi yako aliiweka mezani kikundi kizima kikiwa kimekaa. Akasema, haya ndiyo maji ya waridi yaliyotufukuza bondeni, tazameni mashudu yetu yalivyoyafanya. Tukashangilia. Kisha mmoja wetu akasema kwa utani, "Mwenyekiti, mbona huonji?"

Akamimina nusu glasi. Nilimwona. Alikuwa na uso wa mtu anayemsifia mtoto wake hadharani. Akanywa yote.

Hatukumaliza ajenda. Midomo ilivimba, kisha macho, kisha akaanza kukohoa kama mtu aliyekabwa. Tulimbeba kwenye baiskeli ya mizigo hadi zahanati. Muuguzi alipoiona kadi yake ya zamani alitutupia maneno ambayo sitayaandika, akamchoma sindano, akamwekea hewa. Alilazwa. Sasa yuko nyumbani, anatembea, anagombana, lakini ngozi ya mikono bado ina mabaka na akipanda kijilima cha kisimani anasimama njiani.

Ametuapisha tusikwambie. Anasema ukijua utakataa kutia sahihi, mkataba utakufa, wenzake watabaki na kikamulio cha mkono na wewe utapoteza kazi. Mimi nasema, na asingefika zahanati? Na wale wa bondeni walioanza kusafisha matuta yao wakisubiri maji yako mazuri?

Ukimwambia nimekuandikia, nitakana.

Katibu


Kiwandani
23 Aprili

Shangazi,

Nina hasira na wewe hata kalamu inatoboa karatasi.

Mafua! Ulikuwa kitandani na hewa puani, ukaniandikia mafua! Nimejua, na usiulize nimejuaje. Ningekuja usiku ule ule kwa miguu. Wewe ndiye uliyenilea Baba alipoondoka, nikiumwa ulikuwa unalala sakafuni karibu yangu, halafu unanificha? Umenionea.

Nimeona pia nina hasira na mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyefunga kifuniko cha chupa ile. Niliijua kadi yako. Nilikutumia penisilini kwa mkono wangu nikaiita pambo. Sikubandika hata neno moja la onyo, kwa sababu ilikuwa inapendeza.

Hayo yamepita, umepona, namshukuru Mungu na yule muuguzi mkali. Sasa nakwambia nitakachofanya. Sitii sahihi. Meneja ameshaniletea karatasi mara mbili, ya pili akaambatanisha na kalamu mpya. Nimemrudishia zote. Nataka mkaa mpya kwenye tangi, na kabla ya mkaa nataka pipa la chokaa maji yakae humo, maana dawa hii ikikaa kwenye chokaa inavunjika. Vyote viwili havina ajabu, vinataka mtu wa kuvitaka.

Lakini neno langu peke yake anaweza kuliruka. Anaweza kumtafuta mwingine wa kutia sahihi. Naomba ruhusa yako nimwambie kilichokupata. Najua maana yake kwa mkataba wenu na mashine yenu. Najua uliwaahidi wenzako kwa jina langu. Sitasema bila wewe kukubali, ila ukikataa nitakuja huko tugombane uso kwa uso.

Mwanao


Nyumbani
1 Mei

Mwanangu,

Katibu anakana. Mwambie hajui kudanganya, amekuja kukana kabla sijamuuliza.

Nimeisoma barua yako nikalia, kisha nikakasirika, kisha nikajitengenezea chai. Nilikuficha kwa sababu niliona nimeharibu mwenyewe. Nusu glasi ya kiburi, basi. Niliona si haki wenzangu kumi wakose mashine kwa ajili ya koo langu moja. Nikajiambia mwili wangu ndio wenye matatizo, mtu mwingine angekunywa asidhurike. Lakini lile swali lilikuwa linanirudia kitandani, ndiyo maana nilikuuliza. Sikuweza kukwambia na sikuweza kunyamaza.

Jana nimeitisha kikao. Nimewasomea barua yako yote, hata pale unaponigombeza. Tulizozana sana. Mmoja akasema tuuze mashudu, halafu tuwaambie watu wa bondeni wasiyatumie maji. Nikamuuliza, utamwambia nani? Utakaa mferejini mchana kutwa? Maji yale yakiwa ya waridi yalikuwa yanajisemea yenyewe. Mama anayapita, mtoto anayapita, mbuzi anayapita. Sisi tumeyanyamazisha. Yatapita pale yanang'aa, jua linawaka, na mtu ana kiu.

Yule aliyenitania nionje ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Tumekubaliana wote, mmoja akilia, na simlaumu, yeye ndiye mwenye bega bovu, mashine ingempumzisha.

Ruhusa unayo. Lakini sitaki uwe tarishi wa ugonjwa wangu. Kuna barua ndani ya hii, ni ya Meneja wako. Mpe mkononi.

Shangazi yako


Kikundi cha Wanawake Wakamuaji Mafuta
1 Mei

Kwa Meneja wa Kiwanda,

YAH: KUSITISHA KULETA MASHUDU YA MLONGE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wanakikundi tumeamua kwa kauli moja kutoleta mashudu kiwandani kuanzia leo. Gunia lililoko kwenu ni la mwisho.

Mashudu yetu yanafanya kazi. Hatuna ubishi na hilo, na ndiyo sababu tunayazuia. Maji yenu yalipokuwa na rangi hakuna aliyeyagusa. Rangi ile ilikuwa inatulinda. Mkiitoa kwa mashudu yetu na kuiacha dawa ndani, mtakuwa mmetutumia sisi kuwadanganya majirani zetu. Mimi nimekunywa nusu glasi ya maji hayo maangavu na nikalazwa. Nakala ya cheti cha zahanati imeambatanishwa.

Siku mtakapoweza kutuonyesha kwamba dawa imetoka, na si rangi peke yake, tutaleta mashudu siku hiyo hiyo. Tunayahifadhi mahali pakavu.

Wako katika kazi,
Mwenyekiti (ambaye pia ni shangazi wa mkuu wenu wa majitaka, asionewe kwa sababu hiyo)


Kiwandani
13 Mei

Shangazi,

Barua nilimpa mkononi. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza, "Huyu anajuaje kilichomo kwenye maji yetu?" Nikamwambia ngozi yake ilimwambia. Akageukia dirishani.

Si mtu mbaya, Shangazi. Ana bwawa lililojaa na wakubwa wanaompigia simu. Lakini mtu mwenye bwawa lililojaa anaweza kufanya jambo baya bila kuwa mbaya. Kesho yake nikapata barua ya kujieleza: kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kutoa siri za kiwanda nje. Nimejieleza. Nimeandika kwamba siri hiyo mfereji ungeitoa wenyewe, na nimeambatanisha picha ya sahani.

Akamwita msaidizi wangu atie sahihi badala yangu. Kijana wa watu akaja kunitazama, nikampeleka kwa Miwani bila kumshawishi. Akaliangalia lile duara, akarudisha kalamu mfukoni. Yule bwana ana mke mjamzito na kodi ya nyumba, na alikataa. Nimemheshimu.

Ziara ya wageni imeahirishwa. Jana Meneja kaja maabara mwenyewe, kama mtu aliyepita tu. Alidhani tumempikia matokeo. Akachota maji kwa mkono wake, akadondosha kwenye sahani mwenyewe, akaifunga na kuandika jina lake juu. Leo asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya Miwani. Duara lilikuwa pale pale, pana, na jina lake limekaa juu yake. Aliondoka na sahani mkononi, Miwani akimkimbilia nyuma kwamba ile haitolewi nje.

Mvua imezidi. Tumepanga mifuko ya mchanga kuzunguka bwawa. Nimechoka, lakini sijarudi nyuma.

Mwanao


Nyumbani
26 Mei

Mwanangu,

Huku nako si shwari. Mtu wa mashine alikuja kuuliza kama bado tunaitaka, ana mteja mwingine. Nikamwambia ampe huyo mteja. Wenzangu wamenyamaza, na kikundi chetu kikinyamaza ujue mambo ni mazito. Mwenye bega bovu amekosa vikao viwili. Nilimfuata kwake nikamkuta anakamua mbegu zake peke yake, kwa mkono mmoja. Nikavua kanga ya mabegani, nikamshikia mpini. Hatukuzungumza habari ya kiwanda.

Ghala limejaa mashudu mpaka mlango haufungiki vizuri. Kuna mfugaji aliyetaka kuyachukua yote akajaribie ng'ombe wake. Nimemkatalia. Najua yatatakiwa.

Wewe wakikufukuza kazi, rudi. Chumba chako kipo, Katibu amekigeuza stoo ya vitambaa lakini tutamtoa. Ila usirudi kabla hawajakufukuza. Mimi nashikilia ghala, wewe shikilia sahihi yako.

Mabaka yamekwisha. Kijilima cha kisimani napanda bila kusimama, isipokuwa nikikutana na mtu wa kuzungumza naye.

Shangazi yako


Kiwandani
18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Keti chini kwanza.

Hawajanifukuza. Wiki ile ile uliyoniandikia, Meneja alisimamisha mtambo mmoja ili maji ya kuoshea yapungue bwawa lisifurike. Wakubwa walimpigia kelele, nilizisikia kutoka ukumbini. Kisha lori likaingia na magunia ya mkaa wa vifuu, na pipa kubwa la chokaa juu yake. Alisema tu, "Daktari, simamia." Nilishinda ndani ya tangi lile nikitoa kokoto na mafundi, nikatoka mweusi mpaka Miwani akanipita bila kunijua.

Gunia lenu la mwisho lilikuwa limebaki kidogo. Nilikuwa nimelificha, nakiri, chini ya meza yangu, nisije nikakosa cha kupimia. Nikalitumia lote. Mashudu kwanza, uchafu ukashuka. Kisha maji yakakaa kwenye chokaa. Tukayapoza makali ya chokaa, yakapita kwenye mkaa. Yalipotoka yalikuwa maangavu vile vile kama yale ya kwenye chupa yako. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, na hilo lilinitia hofu kuliko rangi yoyote niliyowahi kuiona hapa.

Meneja na mimi tulichota kila mtu maji yake, tukadondosha kila mtu kwenye sahani yake.

Leo asubuhi tulisimama watatu juu ya sahani. Nilitafuta duara. Nikaigeuza sahani kwenye mwanga nikatafuta tena. Hakuna duara, Shangazi. Bakteria wameota kila mahali, wamejaa, wametanda mpaka pale pale tone lilipodondoka. Meneja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni mbaya?" Nilikuwa nalia juu ya sahani ya vijidudu kama mtu aliyezaa.

Miwani ndiye aliyemwambia kwamba hii ndiyo nzuri, hakuna kilichobaki cha kuwaua.

Si maji ya kunywa, na usije ukamruhusu mtu ayanywe kwa utani wala kwa sifa. Kwanza yatazunguka humu humu, tutaoshea sakafu na kupozea mitambo. Maabara ya nje itayapima kwa vyombo vikubwa kuliko sahani yetu. Lango la mfereji limefungwa kwa kufuli, na Meneja ameandika kwenye ukuta kwa mkono wake kwamba halifunguliwi kwa macho, linafunguliwa kwa kipimo. Kwenye ukuta huo ameacha nafasi ya sahihi mbili, ya kwangu na ya mwenyekiti wa kikundi chenu. Nilimuuliza kama amekosea. Akasema hajakosea.

Dereva wa lori anakuja na barua hii. Nimemwambia asubiri hapo mlangoni kwako, asiondoke mtupu.

Fungua ghala.

Mwanao